NANI ASEMA KUBEBA MAJI SI KAZI?

Muhula uliopita tulifundishwa ya kwamba kazi ni nguvu mara umbali, na ya kwamba umbali huo sharti uelekee upande ule ule wa nguvu. Basi mtu atembeaye tambarare na debe la maji kichwani, kwa kanuni hiyo, halifanyii debe kazi yo yote, maana analisukuma juu nalo linakwenda mbele. Nilifurahi sana kujua hayo, na likizo ilipofika nikamweleza mama njiani kutoka mtoni. Mama akalitua debe akasema, "Vema, mwanangu. Kama si kazi, basi jitwike wewe." Nilifika nyumbani shingo imekakamaa, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kosa liko wapi.

Kanuni haina kosa. Kosa ni letu tunaodhani msuli ni kama msumari. Msumari waweza kushika koti ukutani mwaka mzima bila kula kitu. Msuli hauwezi. Ndani yake mna nyuzi nyembamba mno zenye vishikizo vinavyoshika, vikavuta, vikaachia, vikashika tena, na kila mshiko hugharimu chembe ya kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kwa chakula na oksijeni. Mkono ukitulia na ndoo, vishikizo havitulii.

Mmoja wa waliozipima gharama hizi kwa uhodari alikuwa A. V. Hill wa Uingereza. Alitumia misuli ya chura, akapima joto lake. Mwaka 1938 alionyesha kwamba msuli uliokazwa hutoa joto, na ukijifupisha hutoa joto jingine juu yake, kwa kadiri unavyofupika. Basi anayetaka kuhesabu matumizi ya msuli hana budi kuweka mafungu matatu: joto la kukaza, joto la kufupika, na kazi yenyewe. Hata leo wanaoiga mwendo wa binadamu kwa kompyuta hutumia mafungu ya namna hiyo. Hukadiria matumizi ya kila msuli wa mguu, hujumlisha, kisha hulinganisha na oksijeni iliyotumiwa na mtu halisi aliyevaa barakoa ya kupimia pumzi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kilo 60 akipanda ngazi mita 10 kwenda juu, amefanya kazi ya jouli 5,880 hivi. Lakini misuli hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa kazi. Kwa hiyo atatumia jouli 23,500 hivi, na oksijeni zaidi ya lita moja. Je, akishuka, atarudishiwa? La. Atalipa tena, ila kidogo, kwa sababu sasa misuli ya mapaja inarefushwa huku ikiuzuia mwili usianguke.

Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1952 na Abbott, Bigland na Ritchie. Waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo mmoja, zikapeana mgongo. Mpanda mmoja alikanyaga kwenda mbele, na mwenzake akazizuia pedali zilizokuwa zikirudi nyuma. Nguvu ni ile ile, mwendo ni ule ule, lakini mwenye kuzuia alitumia oksijeni kidogo sana. Walipoonyesha jaribio hilo katika Royal Society huko London, msichana mwenye umbo dogo alimchosha kijana wa kiume kwa kumzuia tu. Natamani ningalikuwapo!

Narudi kwa mama. Mwaka 1986 Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kijaluo. Wale waliopimwa waliweza kubeba hata sehemu ya tano ya uzito wao bila kuongeza matumizi ya oksijeni. Mwaka 1995 sababu ilielezwa: mwili wa mtembeaji hupanda na kushuka kila hatua kama bembea, na sehemu ya nishati ya kushuka husaidia hatua ifuatayo. Wanawake hao, wakiwa na mzigo, waliokoa nishati hiyo vizuri zaidi kuliko wakiwa mikono mitupu.

Mzigo ukizidi kiasi hicho, gharama hupanda. Debe la maji hukaribia kilo 20, na ili liwe sehemu ya tano tu ya uzito wa mama, ingempasa awe na kilo 100, naye ni mwembamba. Nilipomsomea habari hizi, aliuliza kama hao waliopima walipata kujitwika wao wenyewe.