Maji Hubeba

Ukipanda kilima cha Kasugho na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba ikikukaza kwenye paji la uso, wajua vema kwamba maji ni mazito. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Weka hesabu hiyo moyoni, kwa maana tutairudia.

Sasa tia chumvi kidogo katika kikombe cha maji, ukoroge. Chumvi imekwenda wapi? Huioni tena, lakini ukionja utaikuta. Imeyeyuka. Jaribu vivyo hivyo kwa mafuta ya mawese: chumvi itabaki chini. Ni vigumu kupata kitu kingine kiyeyushacho vitu vingi kama maji. Kwa sababu hiyo damu, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, huchukua sukari na chumvi za chakula hata kwenye ncha ya kidole, kisha hurudi na takataka ambazo figo huzitoa katika mkojo. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji. Kwa mtoto mchanga ni karibu robo tatu.

Lakini maji hayachagui mzigo. Hubeba pia wadudu wa magonjwa, wadogo hata macho hayawezi kuwaona. Basi usiseme, "Maji ya kijito hiki yang'aa, ni mazuri." Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walifika Goma, wakanywa maji ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kikaingia, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuhara. Ziwa zima lilikuwa mbele yao, nao walikufa kwa kukaukiwa maji.

Wadudu hao huuawa kwa moto. Pwani ya bahari maji huchemka kwenye digrii 100, lakini katika milima yetu, mahali palipo mita 1,700 hivi, huchemka kwenye digrii 94 hivi. Ndiyo sababu maharagwe yetu hukawia kuiva kuliko ya Kisangani. (Lawama humwangukia mpishi, kumbe ni mlima!) Usiogope, wadudu hufa kabla ya kufika digrii hizo. Acha maji yatokote dakika 3, uyafunike, yapoe.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Mtoto wa kilo 10 anahara na kutapika. Akipoteza lita moja tu, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, naye yu karibu na kufa. Mtazame: macho yameingia ndani, analia bila machozi, utosi wa mchanga umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya hukawia kurudi. Wengine humnyima maji wakidhani yataongeza kuhara. Sivyo, mama! Hivyo ndivyo anavyokauka upesi.

Hata hivyo maji matupu hayatoshi, kwa maana amepoteza na chumvi. Utumbo ulio mgonjwa hupokea chumvi vizuri ikifuatana na sukari, na maji huzifuata zote mbili. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko India, maji ya kutiwa mshipani yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya namna hii. Kabla yake walikufa karibu 30 katika kila 100. Baadaye hawakufika 4.

Ukiwa na pakiti ya dispensari, tumia hiyo. Kama huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi. Wajua makayabo: chumvi huvuta maji kutoka katika nyama ya samaki, na ikizidi katika kikombe cha mtoto humfanyia vivyo hivyo. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, kama nusu kikombe kila baada ya kuhara, na usiache kumnyonyesha. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu, mlete hospitalini mara moja, ukimnywesha njiani kama aweza kumeza. Maji yaliyobaki hata kesho yake, yamwage, utengeneze mapya.