Jinsi ya Kuinua Gari Lililopinduka

Mhariri ameniomba nieleze kazi ya kuinua gari lililopinduka njiani, kwa kuwa wengi wetu twatoka sehemu za barabara za udongo na makorongo, na gari likilala ubavu huko, vijana wa karibu ndio hufika kwanza. Nimeshiriki kazi hiyo mara tatu katika njia za wafugaji, na kila mara gari lilikuwa Land Cruiser.

Wengi wameona katika mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953, watazamaji wakilisukuma kwa mikono gari lililolala, nalo likaondoka papo hapo. Lakini gari la mashindano lina uzito wa kilo 1,300 hivi, na ndani lina kizimba cha mabomba ya chuma. Land Cruiser ya kazi hupita kilo 2,000 kabla haijapakiwa kitu. Msiige.

Kwanza watu. Zimeni injini, watoeni waliomo. Lakini aliyeumia shingo au mgongo asivutwe, ila kama pana hatari ya moto. Ondoeni waya wa betri. Sigara ni marufuku, wala mtu asikinge mafuta yanayovuja. Huko Sachangwan, karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka Januari 2009. Watu wakaenda kuchota, na moto ukaua zaidi ya 100.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Gari limelala: magurudumu yanatazama upande mmoja, paa upande wa pili. Litasimama kwa kugeukia matairi ya chini, kama mlango kwenye bawaba. Tuseme kitovu cha uzito kiko mita 0.7 kando ya bawaba hiyo na mita 0.9 juu yake. Kamba ikifungwa mita 1.7 juu na kuvutwa sambamba na ardhi, nguvu itakiwayo mwanzoni ni 2,000 × 0.7 ÷ 1.7, yaani kama uzito wa kilo 820. Gari linaponyanyuka nguvu hiyo hupungua, na likifika nyuzi 38 hivi, kitovu cha uzito huwa juu ya bawaba kabisa. Toka hapo huanguka lenyewe. Basi zaidi ya nusu ya safari yake, tani 2 zashuka bila kuvutwa, na wale waliokuwa wakivuta kwa mikono wamesimama upande uleule linakoangukia!

Kwa sababu hiyo hapana budi kuwa na kamba mbili. Zote hufungwa kwenye chesisi ya upande ulio juu, mbele na nyuma. Si kwenye bampa, wala nguzo ya mlango, wala tufe la kukokotea trela, ambalo likikatika huruka kama risasi. Kamba ya kwanza huvutwa kutoka upande wa magurudumu na gari jingine au winchi, polepole, bila kushtua. Wekeni blanketi juu ya waya wa winchi, na watu wote wakae mbali kupita urefu wa waya wenyewe. Kamba ya pili hutoka upande wa paa, ikazungushwa mara mbili kwenye mti imara, ikalegezwa kidogo kidogo. Mara ya pili niliposhiriki, aliyeishika ni mzee mfugaji ambaye hajapata kuendesha gari. Aliilegeza asteaste kana kwamba anamshusha fahali mkaidi, na gari likatua bila kishindo.

Kabla ya kuvuta, tieni gia na breki ya mkono, na matairi ya chini yazuiwe kwa mawe yasiteleze. Ikiwa magurudumu yanatazama bondeni, msiliinue papo hapo, maana litaendelea kubiringika. Liburuteni kwanza mpaka mahali tambarare. Na mwenye kutoa amri awe mmoja tu.

Gari likisha kusimama, dereva atataka kuwasha. Mzuieni. Oili huenda imeingia kwenye silinda, nayo haishindiliki kama hewa. Pistoni ikiigonga, mkono wake hupinda. Fundi afungue plagi, au nozeli ikiwa ni dizeli, auzungushe mtambo mpaka oili itoke, kisha apime oili, maji na breki.