Handeni: Ujenzi umefika, fundi yuko wapi?

Kwa miaka mingi Handeni ilikuwa wilaya ya kupitwa. Mabasi ya Arusha yaligusa Mkata, yakapumzika Segera, yakaenda zake, na aliyetaka kufika Chanika, mji wenyewe wa Handeni, alijiandaa kwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Leo lami ya kilometa 65 inaunganisha Korogwe na Handeni, na nyingine ya kilometa 54 inashuka hadi Mkata. Barabara ya kwenda Singida kupitia Kiberashi, Kibaya na Chemba, yenye urefu wa kilometa 460, nayo imeanzia hapa, kwa kipande cha kilometa 20 cha Handeni hadi Mafuleta. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilometa 1,443, kati ya hizo 1,147 zikiwa Tanzania, linakatiza Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kuishia Chongoleani, Tanga. Juu ya hayo kuna mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa na mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao katika mkoa wa Tanga unazihusu Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Halafu kuna kijiji cha Msomera.

Sijui wilaya nyingine ya vijijini iliyopokea kazi nyingi za ujenzi kwa mpigo namna hii. Kwa hiyo swali la fundi wa Handeni ni la haki: yeye amepata nini? Kwa maoni yangu, amepata kibarua tu. Fani haijamfikia.

Msomera ndiyo inayosimulia mengi. Tangu Juni 2022 familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa huko, kila moja ikipewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari mbili na nusu, pamoja na shamba la ekari tano. Wajenzi walikuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Uhalali wa kuhama kwenyewe umezua ubishi mkubwa, na mashirika ya haki za binadamu yameupinga waziwazi. Huo unastahili makala yake. Hapa natazama nyumba.

Ramani ile ile ikirudiwa mara mamia, kazi hubadilika sura. Hesabu ya bati, mbao na mifuko ya saruji hufanywa mara moja. Kikosi kimoja kinachimba msingi, cha pili kinapandisha kuta, cha tatu kinaezeka, na wote wanasogea kiwanja hadi kiwanja. Hivyo ndivyo nyumba nyingi zinavyojengwa haraka popote duniani, na kijana aliyeshiriki kazi ya namna hiyo kwa miezi michache hutoka amejifunza kupanga kazi, jambo ambalo fundi wa mtaani hulipata baada ya miaka mingi ya kubahatisha. Lakini ramani moja ina ubaya wake pia. Mfugaji mwenye wake wawili au watatu, ambao kwa desturi kila mmoja ana nyumba yake, amekuta paa moja na vyumba vitatu. Nyumba ambayo mwenye kuikaa hakuulizwa anaishije ina kasoro kabla msingi haujachimbwa.

Nirudi mjini Chanika, kwenye ujenzi wa mwananchi wa kawaida, maana huko ndiko fundi wetu anakokula na kulala. Mkoa wa Tanga hauna njaa ya saruji. Kiwanda cha Pongwe kinazalisha tangu 1980, na mwaka 2024 umiliki wake ulihamia kampuni ya Kitanzania ya Amsons. Pembeni yake kuna Maweni, kilichonunuliwa na Huaxin ya China mwaka 2020. Malori ya saruji hayachukui muda kufika Handeni. Kinachosumbua ni maji.

Tazama zege linavyochanganywa kwa koleo kwenye kiwanja cha mtu binafsi. Mfuko mmoja wa kilo 50 unataka lita 25 hadi 30 za maji, yaani dumu moja la lita 20 na robo hadi nusu ya la pili. Hapo ni kuchanganya tu. Zege likishamwagwa, linatakiwa liwekwe unyevu kwa siku saba angalau, asubuhi na jioni, kwa sababu saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kunywa maji taratibu, na nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28. Sasa mwenye nyumba ananunua kila dumu kwa bodaboda au mkokoteni. Siku ya kwanza anamwagilia vizuri. Siku ya pili anapunguza. Siku ya tatu anasema mvua itasaidia. Linta ya zege hilo itapasuka baada ya mwaka mmoja, na lawama itamwangukia fundi. Pengine dumu lenyewe lilijazwa kwenye visima vya maji ya chumvi, ambavyo Handeni havikosekani, na chumvi ikishaingia kwenye zege inaila nondo kimyakimya.

Ndiyo maana nasema mradi mkubwa kuliko yote kwa sekta ya ujenzi Handeni hauna kreni wala mashine za kutisha. Ni ule wa maji. Mfumo mkongwe wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi na unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe, ulizeeka huku wilaya ikiongezeka watu. Maji ya mradi mpya yakitiririka bombani siku zote saba za wiki, ubora wa nyumba utapanda hata kabla fundi hajafundishwa lolote jipya.

Teknolojia nyingine ilishafika siku nyingi, ila imelala. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehangaikia kwa miaka mingi tofali la kufungamana, linalofyatuliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo, lisilochomwa kwa kuni na lisilohitaji udongo wa kuunganishia kati ya tofali na tofali. Udongo wa Handeni upo, saruji ipo. Lakini tanuru za matofali ya kuchoma bado zinafuka, na miti inakwisha. Sababu naiona sokoni: mteja anataka nyumba inayofanana na aliyoiona kwenye simu. Ramani zinauzwa WhatsApp, na paa la kujificha ndilo fasheni. Paa hilo ni zuri kwa macho, lakini mfereji wake ukikosewa, maji ya masika yote yanaingia ukutani. Fundi analetewa picha na kuambiwa "nataka kama hii", bila mchoro wa kipimo hata kimoja.

Na hapa ndipo suala la karatasi linapoingia. Kuanzia 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za Uviko-19, na kazi hiyo ilifanywa kwa kutumia mafundi wa mitaani badala ya makandarasi. Ilikuwa shule kubwa kwa mafundi wa wilaya. Wengi wao leo hawana hata barua moja inayosema walijenga. Wakati huohuo milango imefungwa kwa ufunguo mpya. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na hata fundi wa kazi ndogo za shule na zahanati anatakiwa awe amejisajili humo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zimetenga zabuni za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 kwa kampuni za Watanzania, na asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ni hatua njema, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mzawa anayefaidika atakuwa wa Dar es Salaam au Dodoma, mwenye kompyuta na mhasibu, kama fundi wa Kabuku na Kwamsisi hajasaidiwa kuingia.

Historia inatuonya. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Ilijengwa kwa mikono ya Waafrika waliobeba mataruma na kuvunja mawe, na wakandarasi walipohama hawakuacha nyuma yao darasa la mafundi. Bomba la mafuta lina hatari hiyohiyo. Kila kiungo chake kinachomelewa na kupimwa kabla ya kufukiwa, kwa viwango ambavyo mchomeleaji wa mageti ya mtaani hajawahi kuviona. Kijana wa kijijini aliyefanya kazi pale ya kubeba na kuchimba atarudi nyumbani na mshahara uliokwisha, wakati angeweza kurudi na cheti.

Dawa yake si ngumu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani, kwa kuangalia mikono yake ikifanya kazi. Halmashauri zote mbili, ya Mji wa Handeni na ya Wilaya, ziwaite wapimaji hao wafike Chanika, Mkata na Msomera, gharama zikatwe kwenye mapato ya ushuru wa mchanga, kokoto na mawe yanayotoka humu humu. Ofisi ya manunuzi itenge meza moja siku ya soko, penye intaneti, ya kuwasajili mafundi kwenye NeST. Na kila mkandarasi anayefunga kambi atakiwe kumwandikia kibarua wake barua inayotaja kazi aliyofanya na muda aliofanya. Wewe fundi unayesoma hapa, usisubiri: kwenye kazi unayoikabidhi wiki hii, mwombe mwenye nyumba akuandikie barua hiyo, isainiwe na mwenyekiti wa mtaa, uitunze.