Gitaa Kavu na Kiangazi cha Shinyanga

Kuanzia Julai hadi Oktoba, malalamiko yanayoingia kwenye karakana yangu hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, ni yale yale. Freti zinakata vidole. Nyuzi zinakwaruza ukibonyeza karibu na kichwa. Gitaa lililopiga vizuri siku ya Pasaka sasa halishiki sauti. Agosti iliyopita mwalimu mmoja wa kwaya aliniwekea gitaa mezani akiwa amekasirika kwelikweli: "Fundi, hawa vijana wamelichokonoa. Hebu tazama, vyuma vimetoka nje."

Nikamwambia, "Mwalimu, vijana hawana kosa. Vyuma viko palepale, mbao ndiyo imerudi ndani."

Freti ni kipande cha chuma, na urefu wake haubadiliki kiangazi wala masika. Ubao wa vidole ulioishikilia hunywa maji ya hewa na kuyatoa. Hewa ikikauka ubao hupungua upana, na ncha za freti hubaki zimechomoza pembeni. Pitisha kidole gumba taratibu ubavuni mwa shingo, kuanzia kichwani kwenda tumboni, utayahisi meno. Mimi huipenda dalili hii kuliko nyingine zote kwa sababu mara nyingi huja mapema, kabla hasara kubwa haijatokea. Anayeipuuza ndiye anayerudi kwangu Septemba na ufa.

Ufa huanzaje? Viwanda vingi vya magitaa hutengeneza kazi zao kwenye vyumba vyenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50. Uso wa gitaa zuri ni ubao wa sprusi au mwerezi wenye unene usiofika milimita 3, na sehemu yake pana kabisa ni kama sentimita 40. Ubao huo ukitoka kwenye hewa ya asilimia 75 ukakaa muda mrefu kwenye asilimia 35, ungetaka kupungua upana kwa milimita kama 3. Lakini haupati nafasi. Kwa ndani umegundishiwa mbavu zinazoukatiza, na kingo zake zimebanwa pande zote. Basi unavutika, unavutika, mpaka unaachia pale palipo dhaifu, mara nyingi kwenye mstari mmoja kutoka kwenye briji kwenda chini. Ni kama udongo wetu wa mbuga unavyopasuka Agosti, ila mbuga mvua ikinyesha hujiunga. Ufa wa gitaa utaonekana umefunga Januari, na kiangazi kijacho utafunguka palepale.

Sasa hizo asilimia. Watu wengi hudhani ni kiasi cha maji kilichopo hewani, kumbe ni kiasi kilichopo ukilinganisha na kile ambacho hewa ingeweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya moto hubeba maji mengi zaidi. Chukua siku ya kawaida ya Julai hapa Shinyanga: alfajiri joto ni digrii 17 na kipimo kinasoma asilimia 75. Hadi saa tisa alasiri joto limefika digrii 30. Maji ya hewani ni yale yale, hakuna aliyeyachota, lakini kipimo sasa kinasoma kama asilimia 34. Gitaa lililoning'inizwa ukutani chini ya bati lisilo na dari hupitia mabadiliko hayo kila siku ya Mungu, na bati lenyewe linaongeza joto lake.

Mkoa huu una jina lake katika habari za ukame. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, na miti katika vijiji vingi. Malisho yalipona, nyuki wakarudi, ila alasiri ya Agosti ni ileile.

Geita ni habari nyingine. Ziwa liko karibu, mvua ni nyingi kuliko kwetu, na ningetegemea magitaa ya huko yaje yakiwa yamevimba. Yapo yanayokuja hivyo. Lakini baadhi ya magitaa yaliyokauka vibaya kuliko yote niliyowahi kushika yametoka Geita, kwenye vyumba vyenye kiyoyozi vya watu wanaofanya kazi migodini. Kiyoyozi kinapopoza hewa huikamua pia. Yale maji yanayodondoka kwenye ndoo nje ya dirisha yalikuwa ndani ya chumba chako, na mengine yalikuwa ndani ya gitaa lako. Wakati wa masika, hilo si baya. Chumba kinaweza kushuka kutoka asilimia 80 hadi 55 na gitaa likafurahi. Shida ni safari. Mtu analala wiki kadhaa na gitaa kwenye chumba cha kiyoyozi, kisha zamu ikiisha analibeba mgongoni hadi Nyarugusu au Kahama, nyumba ya bati, madirisha wazi. Baada ya hapo analirudisha. Gitaa linaweza kuzoea asilimia 40, linaweza hata kuvumilia 60. Kupandishwa na kushushwa kila mara ndiko kunakoliua, na hilo ndilo ninalowaambia wateja mpaka wamenichoka.

Ndiyo maana nikiulizwa kitu cha kwanza cha kununua, jibu langu ni boksi gumu linalofunga vizuri. Wengi hukataa. Wana laki tano, watazimaliza zote kwenye gitaa, kisha walivalishe begi la kitambaa au walitundike sebuleni kama picha ya harusi. Hewa ndani ya boksi hubadilika polepole, na hapo umeshapunguza nusu ya tatizo kabla hujaongeza tone la maji. Boksi likae mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na lisiachwe kamwe kwenye gari lililofungwa juani, maana humo gundi ya briji hulainika.

Cha pili ni kipima unyevu. Zamani vilitengenezwa kwa unywele wa binadamu. Msuisi Horace-Bénédict de Saussure alieleza chake mwaka 1783, kwa kuwa unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikikauka. Vya leo vya kidijitali bei yake inakaribiana na ya seti ya nyuzi. Vile vya mshale usivinunue, vingi ni pambo. Hata vya kidijitali usiviamini kabla hujavijaribu, na jaribio lenyewe ni la jikoni. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiwe uji. Weka kizibo na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, uache usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi husimama kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisoma 69, ujue kinapunguza 6. Andika kwa kalamu mgongoni mwake, basi.

Kikianza kusoma chini ya 40 ndani ya boksi, gitaa linahitaji maji. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, toboa matundu juu tu, weka kipande cha sponji. Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoshe hata ukiitikisa, ifunge humo, uweke kisanduku ndani ya boksi karibu na kichwa cha gitaa. Iangalie kila baada ya siku tatu au nne. Maji mazuri ni yale safi ya kuongezea kwenye betri yanayouzwa vituo vya mafuta, kwa kuwa hayana chumvichumvi. Soma chupa vizuri, maana rafu hiyohiyo huwa na asidi. Ukikosa, maji yaliyochemshwa yatakusukuma.

Msimu wa mvua una vituko vyake. Uso wa gitaa huvimba, briji hupanda, nyuzi hukaa juu mpaka mwanafunzi anaacha kujifunza. Wengi huweka mchele ndani ya boksi. Mchele wa Kahama ni mtamu, lakini uliokaa gunia la wazi masika umeshakunywa unyevu wake, hauna nafasi ya kunywa wa gitaa, na unaita panya. Kusanya vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja ndani ya viatu vipya na vifaa vya umeme, vikaushe kwa joto la chini, uviweke. Kipimo kikirudi 55, vitoe.

Usianike gitaa juani. Najua wazo hilo linatoka wapi. Wapiga ngoma wetu wa Kisukuma hupasha ngoma moto kabla ya mchezo ili ngozi ikaze, na ngoma hulia vizuri. Ngozi hukaza ikarudi. Ubao wa milimita 3 ulioshikwa kwa gundi haurudi.

Kabla hujahangaika na haya yote, chungulia ukingo wa tundu la gitaa lako. Ukiona mistari ya mbao ikiingia moja kwa moja kutoka juu hadi chini, huo ni ubao mzima, utunze. Ukiona tabaka tatu zimelaliana, hiyo ni plaiwudi, na magitaa mengi ya bei nafuu madukani kwetu ni ya namna hiyo. Plaiwudi hupasuka kwa nadra sana kwa sababu tabaka zake zinashikana kinyume. Hata hivyo ubao wa vidole huwa ni mbao nzima, kwa hiyo freti zitakukata tu. Ukiwa wa mpingo pia hupungua, pamoja na uzito wake wote wa kuzama majini.

Na ufa ukishatokea? Usikimbilie gundi ya matone inayouzwa kwenye vichupa vidogo. Hugeuka ngumu kama kioo, huchafua rangi, na fundi atakayekuja baadaye hawezi kuitoa. Legeza nyuzi, weka gitaa kwenye boksi na sponji mbichi kwa wiki moja au mbili, usubiri mpaka kingo za ufa zikutane zenyewe bila kubanwa. Hapo ndipo gundi nyeupe ya mbao inaingizwa kwa kusukumwa na kidole kutoka juu huku taa ikimulika kwa ndani, kisha viraka vyembamba vya mbao vinabandikwa kwa ndani kukatiza ufa, kila baada ya sentimita chache. Nyuzi nazifunga kesho yake. Wateja huniuliza mbona wiki mbili kwa ufa wa nusu saa. Nawaonyesha kipimo ndani ya boksi, kinasoma 41, nawaambia warudi kikifika 50.