Taji Lilipopanda Tukuyu

Ilipoanzishwa mwaka 1965 ligi ya kandanda ya Tanzania Bara, taji la kwanza lilitwaliwa na Sunderland, klabu ya Dar es Salaam ambayo mwaka 1971 iliacha jina hilo la kigeni ikajiita Simba. Na tangu zama hizo ushindani wake na Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, umegawa mitaa, mabaraza ya kahawa, na hata nyumba za ndugu wa tumbo moja.

Utaratibu wa ligi ni mwepesi kufahamika. Timu 16 hukutana kila moja na mwenziwe mara mbili, nyumbani na ugenini, hata ikatimia michezo 30. Ushindi huleta pointi 3, sare pointi 1, na walio mkiani hushuka daraja ili kuwapisha wengine.

Mlango huo wa kupanda, kwa rai yangu, ndio roho ya ligi, maana lau usingalikuwapo, nchi isingalishuhudia ajabu ya mwaka 1986, pale Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa baridi, migomba na chai karibu na mlima Rungwe, ilipotoka daraja la chini na katika msimu wake wa kwanza ikawapokonya ubingwa wakubwa wa pwani. Mseto ya Morogoro ilikwisha kuutoa ubingwa nje ya Dar es Salaam mwaka 1975, na Coastal Union ya Tanga ikaupata mwaka 1988. Lakini Tukuyu walikuwa wageni kabisa, vijana waliotoka mbali mno na Msimbazi na Jangwani, yaliko makao ya vigogo wale wawili.