Karani wa Baraza Aenda Kuomba Kura Mpanda

Ukitoka Mpanda mjini kwenda Sumbawanga, unapita Sitalike, unaikata Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha unafika Kibaoni, nyumbani kwa Mizengo Pinda. Alizaliwa mwaka 1948, na hata alipokuwa Waziri Mkuu alijiita mtoto wa mkulima.

Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, akawa wakili wa serikali, kisha akahamia Ikulu. Huko alikuwa katibu msaidizi wa Rais, kwa Mwalimu Nyerere na baadaye kwa Mzee Mwinyi. Kuanzia 1996 hadi 2000 alikuwa Karani wa Baraza la Mawaziri, na hapa msomaji atulie kidogo. Waraka wa wizara haufiki mbele ya mawaziri moja kwa moja. Unachambuliwa kwanza, makatibu wakuu wanaujadili, unarudishwa, unaandikwa upya. Karani anausikia ubishi wote wa kikao na hatoki nao nje. Ndiyo shule kubwa kuliko zote ya kuijua serikali.

Lakini ofisa wa namna hiyo hawi waziri kwa ujuzi tu. Italia inawezekana: Matteo Piantedosi, mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani aliyekuwa mwakilishi wa serikali mjini Roma, alifanywa waziri mwaka 2022 bila kugombea ubunge. Katiba yetu ya Tanzania inataka kila waziri awe mbunge, na Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Kwa hiyo mwaka 2000 Pinda alirudi nyumbani kuomba kura, akashinda Mpanda Mashariki. Akawa naibu waziri, na mwaka 2006 waziri wa TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Februari 2008, Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, Rais Kikwete alimteua Pinda kuwa Waziri Mkuu. Naamini utulivu wa mtu wa majalada ndio uliotafutwa siku zile.

Utulivu huo ulipimwa hadharani. Mapema mwaka 2009 alisema wauaji wa watu wenye ualbino nao wauawe. Akalaumiwa kama mwanasheria, akalia bungeni akijieleza. Tarehe 20 Juni 2013, katika maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi, alisema wanaokaidi amri za polisi wapigwe. Wanasheria na watetezi wa haki wakampeleka mahakamani, kesi ikatupwa. Kauli ile ilikuwa kosa, na nina hakika ingekuwa waraka, angeifuta mwenyewe kwa kalamu. Karani ana rasimu. Waziri Mkuu anaposimama kujibu hana.

Mkoa wa Katavi, wa kwao nyumbani, ulizaliwa mwaka 2012, yeye akiwa madarakani. Mwaka 2015 aliomba CCM imteue kugombea urais, hakupita, akarejea kwenye shamba na mizinga yake ya nyuki.