Mashine ya mawimbi ya sauti si tiba ya kila maumivu ya viungo

KULIMA kwa jembe la mkono wilayani Handeni na kukata mkonge katika mashamba ya Korogwe ni kazi zinazochosha mgongo, mabega na magoti. Mgonjwa anayepanda basi kufuata tiba ya viungo mjini hana budi kujua iwapo tiba anayoilipia itamsaidia.

Mojawapo ni tiba ya mawimbi ya sauti, yaani altrasaundi. Hii si ile ya kumpima mama mjamzito. Ile hutoa picha. Hii hupeleka nguvu ya mawimbi kwenye misuli na kano ili kuzitia joto. Mtaalamu hupaka jeli kwenye ngozi, kisha huzungusha kichwa cha mashine juu ya mahali panapouma kwa dakika chache.

Wagonjwa wengi husema wamepata nafuu. Je, nafuu hiyo inatokana na mawimbi? Ili kupata jibu, watafiti huwatibu baadhi ya wagonjwa kwa mashine isiyotoa mawimbi, bila wenyewe kujua, kisha hulinganisha matokeo.

Mwaka 2001, watafiti Valma Robertson na Kerry Baker walichambua majaribio 35 yaliyochapishwa kati ya mwaka 1975 na 1999. Ni 10 tu yaliyokuwa yamefanywa kwa njia ya kuridhisha. Kati ya hayo, 8 hayakuonyesha kuwa mawimbi yanashinda mashine isiyotoa kitu. Mawili yaliyoonyesha manufaa yalihusu chokaa iliyoganda kwenye kano za bega na kubanwa kwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono.

Aidha, mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliwashauri wataalamu wasiitumie kwa maumivu ya kiuno na badala yake ikahimiza mazoezi.

Tiba hii kwa kawaida ni salama, lakini haipaswi kuelekezwa kwenye tumbo la mjamzito, uvimbe wa saratani, macho wala mahali palipokufa ganzi.

Kwa hiyo, mgonjwa akiambiwa arudi mara kadhaa kwa ajili ya mashine peke yake, ana haki ya kuuliza: nifanye mazoezi gani? Mazoezi akishafundishwa vyema, huweza kuyaendeleza nyumbani bila nauli.